Lebo, zipu, mshono au kitambaa: kipi cha kuamini unapokisia umri wa nguo ya zamani?

Nguo ya mitumba ikishaitwa "ya miaka ya 50", bei hupanda papo hapo, na mara nyingi aliyeipa umri huo hakuangalia chochote zaidi ya kola na maua ya kitambaa. Ukitaka kujihakikishia mwenyewe, vipo vitu vitano vya kukagua: lebo, zipu, mshono, kitambaa chenyewe na mtindo wa nguo. Uzito wao haulingani. Kimoja kinaweza kukusogeza karibu na mwaka wenyewe, vingine vinakupa muongo tu, na kimoja, ambacho ndicho wengi huanza nacho, hakifai kabisa kuwa cha kwanza.

Kabla ya kuvipambanisha, kuna jambo moja la kuweka sawa. Kila dalili hukupa mpaka wa chini au mpaka wa juu. Mpaka wa chini ni mwaka ambao kabla yake nguo isingeweza kuwapo: gauni lenye nailoni haliwezi kuwa la 1925, kwa kuwa nailoni haikuwapo duniani. Mpaka wa juu ni mwaka ambao baada yake nguo ya aina hiyo haikutengenezwa tena. Mipaka ya chini ni mingi na ni migumu kuipinga. Mipaka ya juu ni michache, tena mingi kati yake imelegea, kwa sababu kitu kikishabuniwa huwa hakiachwi moja kwa moja. Zipu za chuma zinatengenezwa mpaka leo. Kwa hiyo anayekwambia "ina zipu ya chuma, basi ni ya zamani" amekupa mpaka wa juu ambao haupo.

Kutokana na hilo inazaliwa kanuni ninayoitumia kuliko zote: umri wa nguo ni umri wa sehemu yake iliyo changa kuliko nyingine, mradi sehemu hiyo ilikuwamo tangu nguo iliposhonwa. Nusu ya kazi yote imo kwenye hilo neno "mradi".

Lebo: inasema mengi, ila hukatwa

Naiweka lebo mbele kwa sababu ndiyo inayoweza kukupa mipaka yote miwili kwa mpigo. Anza na jina la nchi. Nchi zilizokwisha kufutika kwenye ramani ni zawadi kwa mkaguzi wa nguo. "Made in West Germany" iko kati ya 1949 na 1990. "Made in Occupied Japan" ni ya kipindi ambacho Japani ilikaliwa baada ya vita, 1945 hadi 1952. Umoja wa Kisovyeti ulivunjika mwishoni mwa 1991, Chekoslovakia ikagawanyika mwaka 1992 ulipokwisha. Ongeza mwaka mmoja au miwili, maana kiwanda hakitupi lebo zilizobaki ghalani, lakini hata hivyo mpaka wa juu umeupata.

Alama nyingine zina faida hiyohiyo. Nguo za Uingereza zenye chapa ya CC41, yaani herufi mbili za C zilizochorwa kama miduara iliyomegwa kipande, zikifuatwa na 41, ni za mpango wa serikali wa kubana matumizi wakati wa vita. Mpango ulianza 1941 ukafutwa 1952. Hakuna mjadala hapo: gauni lenye chapa hiyo limeshonwa ndani ya miaka kumi na moja inayojulikana. Alama ya Woolmark, ile ya kibonge cha sufu kilichosokotwa kwa mistari, ni dhaifu kidogo. Ilianza 1964 na ingali hai, kwa hiyo inakupa mpaka wa chini peke yake.

Kwa nguo za Marekani, tafuta lebo ndogo ya chama cha wafanyakazi, ambayo aghalabu imejificha kwenye mshono wa ubavuni au chini ya bitana. Chama cha washonaji wa nguo za kike, ILGWU, kilibadilisha lebo yake kila kilipobadilisha shirikisho. Mashirikisho ya AFL na CIO yaliungana 1955, na ILGWU yenyewe ikaungana na chama kingine 1995 na kuacha jina hilo. Kwa hiyo lebo ya ILGWU yenye maneno AFL-CIO iko kati ya miaka hiyo miwili. Ikiwa ina rangi nyekundu, nyeupe na buluu, isogeze mbele: rangi hizo zilianza katikati ya miaka ya 1970. Ikiwa na AFL pekee, ni ya kabla ya muungano wa 1955. Suti za kiume zilikuwa na chama chao, na lebo yake huwa ndani ya mfuko wa ndani wa koti, ikiwa na mwaka mdogo uliochapwa, kama 1949 au 1962. Hapa wengi huteleza. Huo ni mwaka ambao toleo la lebo lilianza kutumika, si mwaka suti iliposhonwa. Suti yenye 1949 inaweza kuwa ya 1958.

Halafu zipo namba. Lebo ya Marekani yenye WPL na tarakimu mbele yake inatokana na sheria ya bidhaa za sufu, na namba hizo zilitolewa kuanzia 1941 hadi 1959. Baada ya hapo zikabaki namba za RN, yaani namba za usajili wa kampuni, zikiendelea kutoka 13670. Wakusanyaji wa nguo wana hesabu yao ya kukadiria: toa 13670 kwenye namba ya RN, gawanya kwa 2635, jumlisha 1959. Kwa RN 53000 unapata kama 1974. Hesabu hii ni ya makadirio, na inachokupa ni mwaka kampuni ilipoandikishwa. Kampuni iliyoandikishwa 1974 huenda inashona mpaka leo kwa namba ileile. RN ni mpaka wa chini mzuri sana. Atakayekuuzia kama ndiyo tarehe ya kuzaliwa kwa nguo anakudanganya, au naye kadanganywa.

Sheria za lebo zenyewe hugeuka kalenda. Nchini Marekani, kutaja majina ya nyuzi na asilimia zake kulianza kulazimishwa kwa nguo kwa jumla mwaka 1960, ingawa nguo za sufu zilianza mapema zaidi. Lebo ya kudumu ya maelekezo ya kufua ikawa lazima 1972. Anwani ya kampuni yenye msimbo wa posta wa tarakimu tano ni ya 1963 au baadaye. Alama za kufua bila maneno, ile beseni na pasi, ziliruhusiwa huko 1997. Lakini Ulaya alama hizohizo zina historia nyingine: shirika linalozisimamia, GINETEX, liliundwa Paris mwaka 1963. Kwa hiyo blauzi ya Kifaransa yenye beseni na pasi inaweza kuwa ya miaka ya 1960 mwishoni, na blauzi iliyotengenezwa kwa soko la Marekani yenye alama hizo tupu ni ya jana kabisa. Usisome lebo kabla hujajua nguo ilikusudiwa soko gani.

Udhaifu wa lebo unajulikana: hukatwa kwa sababu inawasha shingoni, au huhamishwa kwa makusudi. Usihukumu kwa kutokuwapo kwake. Angalia kama vimebaki vipande vya uzi au matundu ya sindano. Na ikiwapo, inua ukingo wake taratibu uangalie kitambaa cha chini. Lebo iliyokaa hapo tangu mwanzo hukinga kitambaa, kwa hiyo chini yake rangi huwa imeiva zaidi kuliko pembeni, na eneo hilo lina umbo la lebo yenyewe. Ukiona kivuli cha lebo kubwa kuliko iliyopo, au hakuna tofauti yoyote kwenye nguo iliyopauka kila mahali, lebo hiyo imetoka kwenye nguo nyingine.

Zipu: hukaguliwa haraka, hubadilishwa haraka

Zipu ina faida moja kubwa kuliko lebo: haihitaji kusomwa. Unaivuta, unaitazama, umemaliza. Gideon Sundback aliipa umbo tunalolijua mwaka 1913, lakini magauni hayakuipokea kwa wingi mpaka miaka ya 1930. Kabla ya hapo utakuta kulabu, vifungo vya kubonyeza na vifungo vya kawaida. Kuanzia hapo hadi miaka ya 1950, zipu ya gauni ilikuwa ya chuma, na mara nyingi ilikaa ubavuni upande wa kushoto. Kadiri miaka ya 1950 ilivyosonga ikahamia mgongoni. Miaka ya 1960 zipu ya nailoni yenye meno ya kujisokota ikaingia kwa kasi, na kufikia miaka ya 1970 ya chuma ilikuwa haba kwenye magauni.

Kwa hiyo zipu ya nailoni ya mgongoni, ikiwa ni ya asili, inakutoa miaka ya 1950 bila ubishi. Zipu ya chuma ya ubavuni inakuashiria miaka ya 1930 hadi 1950, ila inaashiria tu, haithibitishi. Mafundi wa nyumbani walikuwa na zipu za akiba kwenye kopo kwa miaka ishirini, na hakuna aliyewakataza kuzitumia.

Jina lililochapwa kwenye kishikio husaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani. Talon ya Marekani na Lightning ya Uingereza zilitengenezwa kwa miongo mingi. YKK ilianzishwa Japani mwaka 1934 na ndiyo imejaa kila mahali leo, lakini ilianza kufungua matawi nje ya Japani mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukiikuta kwenye gauni la Kimarekani linalodaiwa kuwa la 1945, ama zipu imebadilishwa ama dai ni la uongo.

Kujua kama imebadilishwa hakuhitaji ufundi mkubwa. Geuza nguo ndani nje. Linganisha rangi ya uzi unaoshika zipu na uzi wa mshono unaoendelea chini yake. Tafuta mstari wa pili wa matundu ya sindano sambamba na mshono wa sasa. Tazama pia utepe wa zipu: ukiwa mweupe safi wakati bitana imegeuka njano, umeshapata jibu. Kati ya lebo na zipu, nikipata zote mbili nasikiliza lebo kwanza, na zipu naiachia kazi ya kuikagua lebo. Nguo ikiwa haina lebo, zipu hupanda daraja, lakini haiwi ya kwanza. Ya kwanza inakuwa mshono.

Mshono na kitambaa

Hivi viwili nimeviweka pamoja kwa sababu vina tabia zinazopingana. Kitambaa kinatoa mipaka ya chini mikali yenye tarehe zinazojulikana, lakini kukitambua kwa macho ni kazi. Mshono unaonekana wazi, ila tarehe zake ni za kukisia.

Tarehe za nyuzi ni hizi. Nailoni ilitangazwa na kampuni ya DuPont mwaka 1938, na soksi zake ndefu za kike zikaanza kuuzwa Marekani nzima Mei 1940. Poliesta ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na Whinfield na Dickson, ikaingia kwenye nguo miaka ya 1950 ilipoanza. Akriliki, kwa jina la Orlon, ni ya 1950. Uzi wa kuvutika unaouzwa kwa jina la Lycra ulibuniwa 1958. Gauni la poliesta tupu haliwezi kuwa la vita vya pili vya dunia, hata kama lina mabega mapana na ukanda wa kupendeza. Rayoni, kinyume chake, haikusaidii karibu chochote: ilikuwapo mwanzoni mwa karne ya 20 na ipo madukani leo. Pamba, sufu na hariri ndizo kabisa hazina umri.

Namna ya kujua ni uzi gani ni kuchoma. Chomoa uzi mmoja kutoka kwenye akiba ya kitambaa iliyo ndani ya mshono, ushike kwa koleo ndogo juu ya sahani ya udongo au kioo, na uwashe. Pamba na rayoni hunuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua, na moto hupenda kuzimika wenyewe. Poliesta na nailoni hazigeuki jivu. Huyeyuka na kujikunyata kuwa kitone kigumu. Fanya hivyo nyumbani na kwa nguo yako, si mbele ya muuzaji.

Mtihani huohuo ufanyie uzi wa kushonea, na hapa ndipo nguo isiyo na lebo hufichuka. Wengi huchoma kitambaa wakasahau uzi. Nyuzi za kushonea za zamani zilikuwa za pamba au hariri. Za poliesta zilienea kuanzia miaka ya 1960. Gauni la pamba lililoshonwa kwa uzi unaoyeyuka si la 1940. Uzi utoe kwenye mshono mkuu, wa bega au ubavu, usiutoe kwenye pindo, kwa kuwa pindo ndilo la kwanza kufumuliwa na kushonwa upya kila nguo ilipopata mwenyewe mpya.

Watu wengine hutumia taa ya miale ya urujuanimno: nyuzi nyingi za sintetiki na vitambaa vilivyotiwa dawa ya kung'arisha huwaka samawati. Mimi siipi uzito. Sabuni za kufulia za kisasa zina dawa hiyohiyo, na shati la 1935 lililofuliwa juzi litawaka kama la juzi. Lisipowaka, hiyo ni habari. Likiwaka, hujajua kitu.

Tukirudi kwenye mshono, kuna imani moja inayopaswa kuvunjwa: kwamba ovaloki, ule mshono wa nyuzi unaozungushia ukingo wa kitambaa usichanuke, ni ishara ya nguo mpya. Mashine za ovaloki zilikuwapo viwandani tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kilichochelewa ni kuingia kwake majumbani, na kuenea kwenye magauni ya kawaida. Kwa hiyo ovaloki kwenye fulana ya kufuma ya 1930 haishangazi. Ovaloki nene ya nyuzi nyingi, inayoshona na kufunga ukingo kwa pamoja, kwenye gauni la kitambaa linalodaiwa kuwa la 1948, ndiyo ya kutilia shaka.

Kabla ya hapo kingo za ndani zilimalizwa kwa njia nyingine: kukatwa kwa mkasi wa meno, kukunjwa na kushonwa, kupigwa utepe, au kuachwa wazi. Mkasi wa meno ulipata hataza Marekani mwaka 1931, na kingo za meno zimejaa kwenye magauni ya miaka ya 1930 hadi 1960. Pindo nalo husema. Nguo za kiwandani za zamani ziliachiwa pindo pana, la vidole vitatu au zaidi, ili lishushwe msichana akirefuka au mtindo ukibadilika. Pindo jembamba lililopigwa mashine haraka ni dalili ya kiwanda kinachobana kila sentimita ya kitambaa.

Nipende kipi kati ya hivi viwili? Kama nguo imo mkononi mwangu na nina muda, kitambaa na uzi wake, kwa sababu tarehe za maabara hazina "labda". Kama nina dakika moja tu, mshono. Nguo ikigeuzwa ndani nje huonekana mara moja ni ya dunia gani, na ni mara chache mtu hupoteza muda kughushi upande wa ndani.

Mtindo

Mabega mapana yalikuwa ya miaka ya 1940. Yakarudi miaka ya 1980. Miaka ya 1970 ilirudisha magauni marefu ya kuteleza ya miaka ya 1930. Sketi za duara za miaka ya 1950 zimerudi zaidi ya mara moja, na zipo kampuni leo ambazo kazi yao yote ni kushona nguo za sura hiyo. Mtindo unajirudia kwa makusudi, na anayeurudisha hujitahidi ufanane. Ndiyo maana nasema usianze nao. Utumie mwisho, baada ya dalili nyingine kukuachia miongo miwili au mitatu ya kuchagua.

Saizi ya kwenye lebo ni ya kusoma kwa tahadhari hiyohiyo. Marekani ilikuwa na kiwango rasmi cha saizi za wanawake kilichotolewa 1958 na kufutwa 1983, na tangu hapo kila kampuni hujipimia. Gauni la zamani lenye saizi 14 linaweza kumkaa anayevaa 8 leo. Saizi inayoonekana kubwa kwenye nguo ndogo ni dalili njema ya uzee, lakini ni dalili tu. Ukitaka ikukae, tumia tepu ya kupimia.

Jinzi na fulana zina sheria zao

Kwa jinzi, lebo na zipu huachia nafasi vitu vidogo zaidi, na Levi's ndiyo inayojulikana kuliko zote. Kijitepe chekundu cha mfuko wa nyuma kilianza 1936. Hadi 1971 neno lililofumwa humo liliandikwa kwa E kubwa, LEVI'S. Baada ya hapo likawa na e ndogo. Riveti za mifuko ya nyuma, yaani vijipini vya chuma vinavyokaza pembe zake, zilifichwa ndani ya kitambaa kuanzia 1937, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 zikaondolewa kabisa na kuwekwa mshono mzito wa kukaza. Ukiingiza mkono mfukoni ukagusa kichwa cha riveti upande wa ndani, na nje hakionekani, uko kwenye miaka hiyo thelathini.

Shida ni kwamba kampuni yenyewe hutengeneza nakala za jinzi zake za zamani, zenye E kubwa, riveti zilizofichwa na kitambaa chenye ukingo uliofumwa. Si ughushi, ni bidhaa halali, lakini ikipita mikono miwili ya mitumba, habari hiyo hupotea njiani. Hapa E kubwa peke yake haitoshi. Kagua mshono wa ndani kama kuna lebo ya kufua yenye asilimia na alama, au kama ilikuwapo ikakatwa. Jinzi ya 1955 haikuwa nayo.

Fulana ni hadithi fupi zaidi. Nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 zina mstari mmoja wa uzi kwenye pindo la mikono na la chini, na za baadaye zina miwili. Ni dalili nzuri iliyoharibiwa na umaarufu wake: wanaoghushi fulana za bendi wanaijua, na wanashona mstari mmoja. Mwaka uliochapwa chini ya picha wenye alama ya haki miliki ni mwaka wa mchoro, na mchoro unaweza kuchapwa upya miaka arobaini baadaye. Maelezo yaliyopigwa chapa moja kwa moja kwenye kitambaa cha shingo, badala ya lebo ya kushonwa, ni mpaka wa chini ulio wazi: Hanes walianza nayo 2002 na wengine wakafuata.

Dalili zikikutana

Chukua gauni hili. Mabega mapana yenye pedi, kiuno kimebana, kitambaa cha maua, sketi inafika chini ya goti. Tangazo linasema miaka ya 1940. Lebo ya ndani imeandikwa poliesta asilimia mia: mpaka wa chini umeruka hadi 1960, kwa kuwa ndipo asilimia zilipokuwa lazima. Ina maelekezo ya kufua yaliyoshonwa: 1972. Ubavuni kuna lebo ya ILGWU ya rangi tatu: katikati ya miaka ya 1970 hadi 1995. Zipu ni ya nailoni, ya mgongoni, na uzi wake ni uleule wa mshono mzima, kwa hiyo haikubadilishwa wala haipingani na chochote. Sasa ndipo mtindo unaitwa: ndani ya miaka hiyo ishirini, mabega ya namna hii yalivaliwa lini? Miaka ya 1980. Mtindo uleule uliodanganya mwanzoni umesema kweli mwishoni, kwa kuwa safari hii umeulizwa swali jembamba.

Utegemee kipi?

Ukinunua kwa picha, lebo ndiyo ya kutegemea, kwa sababu inapigika picha vizuri. Omba picha ya lebo zote, si ya shingoni tu, na picha ya karibu ya zipu ikiwa imefunguliwa nusu. Kitambaa achana nacho. Hakuna picha inayotofautisha rayoni na poliesta kwa uhakika, na muuzaji naye huenda hajui.

Ukiwa mbele ya rundo na watu wengine wanachambua pembeni yako, geuza ndani nje: kingo za mshono kwanza, zipu pili, lebo ukiiona. Nguo yenye kingo za meno na zipu ya chuma ya ubavuni iweke kando bila kujiuliza zaidi, utaikagua baadaye.

Nguo iliyoshonwa nyumbani, isiyo na lebo yoyote, haina njia ya mkato. Hapo ni uzi wa mshono mkuu, kitambaa, kisha zipu, kwa mpangilio huo, na uridhike na muongo. Anayekutajia mwaka kamili wa gauni lisilo na lebo anabahatisha, isipokuwa ana picha ya bibi yake akiwa amelivaa.

Na kwa jinzi au fulana ya bei ya juu, usikubali dalili moja hata ikiwa nzito namna gani. Dai dalili mbili zisizotegemeana, mfano riveti na lebo ya kufua, au pindo na chapa ya shingoni. Muuzaji asipotaka kupiga picha upande wa ndani, ihesabu nguo kuwa ni ya juzi na umpe bei ya nguo ya juzi.